Sesenta si Setenta

Siku ile nilikuwa na Wahispania sita kwenye gari. Tulikuwa tumeshaiacha kingo ya Ngorongoro, tunateremka kuelekea Serengeti, wakaniomba tupite kwenye boma la Wamasai. Nikawaambia kiingilio ni dola sabini kwa gari zima. Niliamini nimesema hivyo, kumbe kinywani lilitoka sesenta, yaani sitini. Tulipofika, kijana wa pale akataja sabini kwa Kiingereza. Mzee aliyeshika mfuko wa kikundi akanitazama, akazitazama noti mkononi mwake, akalipa bila kusema neno. Tuliporudi garini hakuna aliyeniuliza swali hata moja mpaka geti la Naabi.

Anayefanya kazi hii anakijua kimya cha namna ile. Wageni walidhani nimeweka cha juu. Mwongozaji akikosea jina la ndege anasamehewa. Akikosea hesabu ya fedha, safari yote inaingia doa, na hata akisema yule pale mtini ni chui, watu wanamtazama kwanza yeye kabla ya kuutazama mti.

Usiku kambini nikawa nayarudia maneno yangu moja moja, ndipo nikaisikia ile "s" mahali palipotakiwa "t". Nikaenda motoni walikokaa, nikawaeleza kosa langu. Yule mzee akanishika bega, akaniomba radhi yeye. Kwake yaliishia hapo. Kwangu yalianza, kwa sababu kulikuwa na mama mmoja kati yao, mwalimu mstaafu aliyefundisha Kilatini sekondari kwao, naye akaniuliza swali ambalo hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza: kuhesabu ulijifunzaje?

Nikamwambia ukweli. Nilijifunza kwa simu, asubuhi nikiosha gari, nasikiliza sauti ya mtu anahesabu uno, dos, tres mpaka cien, nami naifuatisha kama watoto wa chekechea. Baada ya miezi kadhaa nilikuwa nimeushika wimbo, si namba. Ukinikatisha katikati ilinibidi nianze tena mwanzo ili nifike kwenye namba niliyoitaka. Nikaongeza kwamba Kilatini hata mimi nilifundishwa, miaka minne ya seminari, ila hakikunifaa kitu tangu nilipoacha.

Akaweka kikombe chini. "Hebu nihesabie kwa Kilatini, hijo," yaani mwanangu.

Unus, duo, tres, quattuor, quinque, sex, septem, octo, novem, decem. Zilitoka zenyewe, kwa matamshi ya kanisani, baada ya miaka kumi na mitano bila kuziita. Mama yule akasema, basi Kihispania cha kuhesabu unacho siku nyingi, ila hukuambiwa. Akaomba ile karatasi ya ratiba ya safari, akaigeuza, akachora mstari katikati. Kushoto aliandika Kilatini, kulia Kihispania. Karatasi hiyo ninayo hadi leo.

Tres haikuhitaji maelezo, imekaa vilevile miaka elfu mbili. Dos imetoka kwenye duos, umbo la neno linapotendwa, na maneno mengi ya Kihispania yamerithiwa kupitia umbo hilo. Quattuor iligeuza mkia wake, -or ikawa -ro, tukapata cuatro. Lakini cinco ndiyo iliyonifurahisha. Quinque ina "kw" mbili zinazofuatana, na watu wa kawaida wa dola ya Kirumi waliona uzito, wakaiacha ya kwanza, wakawa wanasema cinque. Halafu ile "o" ya mwishoni ikaigwa kwa jirani, cuatro. Namba hutajwa kwa kufuatana, na ulimi hupenda vina. Msomaji aliyekulia kwenye mashairi yetu hahitaji kushawishiwa juu ya hilo.

Ocho nayo ikanifungulia mlango ambao sikuutazamia. Kilatini kilipokuwa na "ct", Kihispania kikaweka "ch". Octo ikawa ocho, noctem ikawa noche, lactem ikawa leche, factum ikawa hecho, directum ikawa derecho. Maneno hayo yote nilikuwa nayatumia kila siku: leche, maziwa, mezani asubuhi; noche, usiku, nikiwaaga wageni; derecho, moja kwa moja, nikieleza barabara. Nilikuwa nimeyakariri kila moja peke yake, kama mtu anayebeba mawe mkononi wakati kikapu kiko mgongoni.

Kisha tukafika kwenye saba na tisa, na hapo tulikaa mpaka moto ukaanza kufifia.

Mimi nilikuwa nasema sietecientos kwa mia saba na nuevecientos kwa mia tisa. Nilisahihishwa mara nyingi, setecientos, novecientos, nami kila nikisahihishwa nilichukulia ni ukaidi wa lugha, jambo la kukariri tu. Si ukaidi. Septem na novem zina irabu fupi, na irabu fupi za namna hiyo katika Kihispania hupasuka zikibeba mkazo: "e" inakuwa "ie", "o" inakuwa "ue". Katika siete mkazo uko palepale, irabu imepasuka. Katika setenta mkazo umehamia kwenye "ten", na katika setecientos umehamia kwenye "cien", kwa hiyo ile "e" ya mwanzo imebaki nzima kama alivyoitamka Mrumi. Nueve, lakini noventa na novecientos. Ndiyo sababu ile ile inayofanya useme puedo, naweza, ukiwa peke yako na podemos, tunaweza, mkiwa wengi; quiero, nataka, na queremos, tunataka. Kanuni moja imefanya kazi ya kukariri kurasa tatu.

Nilikaa nikijiuliza kwa nini sikio langu halikuliona hilo kwa muda wote ule. Jibu nililipata kwenye Kiswahili chenyewe. Sisi nasi tunahamisha mkazo kila mara, ukisema soma, somea, somesha, uzito unasogea kuelekea mwisho. Lakini irabu zetu hazijali. "O" ni "o", iwe na mkazo au isiwe nao. Kwa hiyo tumezoea kuupuuza mkazo, tunausikia bila kuusikiliza. Kwa Mhispania mkazo ndio uliolifinyanga neno. Tangu usiku ule, neno jipya la Kihispania nalishika kwanza kwa mkazo wake, halafu herufi zinafuata.

Na sesenta na setenta? Sexaginta na septuaginta. Ile "x" ya sex ililainika ikawa "s", ile "pt" ya septem ikabakiza "t". Herufi iliyo katikati ya neno, iliyonipotezea heshima bomani, ndiyo sita na saba zenyewe: seis inaishia kwa "s", siete ina "t" tumboni. Mama akaniuliza sisi tunasemaje. Nikamwandikia sitini na sabini. Akazitazama, akazitamka mara mbili, akasema kumbe na yeye angepotea vilevile sokoni kwetu.

Kazi yetu ni namba tupu, ingawa watu hudhani ni simba. Urefu wa Kilimanjaro, mita 5,895: cinco mil ochocientos noventa y cinco. Mwaka Mary Leakey alipolipata fuvu la Zinjanthropus pale Olduvai, 1959: mil novecientos cincuenta y nueve, ambamo tisa inatokea mara mbili, mara ya kwanza bila mkazo na mara ya pili nao. Na ukubwa wa Hifadhi ya Serengeti, kilometa za mraba 14,763. Takwimu hiyo nilikuwa naikwepa, nasema "karibu elfu kumi na tano". Itamke sasa: catorce mil setecientos sesenta y tres. Mia saba na sitini zimekaa bega kwa bega. Asubuhi iliyofuata niliisema nikiwa nimesimama kileleni Naabi, mbele ya wote sita, polepole. Yule mzee mwenye mfuko akapiga makofi.

Kumi na moja hadi kumi na tano sina mengi ya kusema. Once, doce, trece, catorce, quince ni undecim, duodecim, tredecim, quattuordecim, quindecim zilizochakaa, na ile -ce ya mwisho ndiyo mabaki ya kumi. Kumi na sita, sedecim, Wafaransa waliitunza wakaifanya seize, Wahispania wakaiacha, wakaanza upya: diez y seis, baadaye dieciséis, kwa mtindo uleule wa kumi na sita yetu. Kilichonigusa zaidi ni kumi na nane na kumi na tisa za Kilatini. Duodeviginti maana yake mbili toka ishirini. Undeviginti, moja toka ishirini. Seminari tuliziona za ajabu, tukasema Warumi walijitafutia taabu bure. Sikuwahi kufikiri kwamba sisi wenyewe tunasema saa mbili kasorobo. Wahispania walizitupa namba hizo za kupunguza, lakini kwenye saa wakabaki na mwendo huo: saa mbili kasorobo asubuhi kwao ni las ocho menos cuarto, nane kasoro robo.

Niliposema nane pale juu najua msomaji ameshaona tatizo. Saa zetu na zao hazianzi pamoja. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi niliwahi kuwaambia wageni tuonane a las dos, nikikusudia saa mbili asubuhi, kwa sababu kichwa kilikuwa kinatafsiri namba badala ya jua. Bahati njema mpishi wa kambi alisikia akanirekebisha. Tangu hapo niliichukua tofauti hiyo kama ukuta kati ya dunia mbili: wao wanahesabu tangu usiku wa manane, sisi tangu kuchomoza jua.

Ukuta huo ulianguka siku tuliyoshuka kreta.

Tulisimama kula Ngoitokitok, kando ya bwawa la viboko. Jua lilikuwa la utosi. Baada ya chakula wawili wao wakaegemeza viti vyao garini, wakasema wanalala siesta kidogo. Mama yule akanigeukia. "Wewe wa seminari, sema siesta ni nini."

Nikasema ni usingizi wa mchana. Akatikisa kichwa. Ni sexta. Sexta hora, saa ya sita.

Warumi waliugawa mchana sehemu kumi na mbili, kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama, na saa ya sita ilifikia jua likiwa utosini. Kwao saa hizo zilirefuka kiangazi na kufupika wakati wa baridi. Kwetu huku karibu na ikweta zingekaa karibu sawa mwaka mzima. Sexta, yenye "e" fupi chini ya mkazo, ikapasuka kama septem ilivyopasuka, ikawa siesta. Nikatazama saa yangu ya mkononi. Ilikuwa saa sita na dakika chache.

Sina hakika kama naweza kueleza nilivyojisikia. Miaka minne nilikuwa nasali sala ya adhuhuri inayoitwa Sexta, na ile ya alasiri inayoitwa Nona. Kila Jumapili ya Matawi nilisikia ikisomwa kwamba giza liliifunika nchi tangu saa sita hata saa tisa. Biblia ya Kiswahili inazisema saa hizo kama zilivyo kwenye Kilatini, sexta na nona, bila kugeuza chochote, na Mswahili wa kijijini kabisa anaelewa palepale jua lilikuwa wapi. Mhispania wa leo lazima aelezwe. Saa yake imeshahamia kumi na mbili, usingizi wake ndio umebaki kwenye sita. Na kwa kuwa siku hizi wanakula mchana wakiwa wamechelewa, wanaolala wengi hulala hiyo saa sita yao ikiwa imekaribia saa kumi.

Nikamwambia kwamba nasi tunazo namba za namna hiyo, zilizoacha kuhesabu zikahamia mahali pengine. Zamani saba kwa Kiswahili ilikuwa mfungate. Leo hakuna anayenunua nyanya mfungate, lakini maharusi bado wanakaa fungate, zile siku saba za ndani. Sita ilikuwa mtandatu. Tisa ilikuwa kenda, na ukienda Zanzibar utaikuta hai kwenye miezi: baada ya Ramadhani unaanza Mfunguo Mosi, unafuata Mfunguo Pili, mpaka Mfunguo Kenda kabla ya Rajabu. Huo ni mwaka unaohesabiwa tangu siku watu walipofungua. Akaandika kila neno. Halafu akanikumbusha kwamba Septemba, Oktoba, Novemba na Desemba nazo zinasema saba, nane, tisa na kumi, maana mwaka wa kale wa Kirumi ulianza Machi. Julai iliitwa Quintilis, wa tano, na Agosti Sextilis, wa sita, kabla hazijapewa majina ya Julius mwaka 44 KK na Augustus mwaka 8 KK. Mimi nikampa Kwaresima, neno ninalolisema tangu utotoni, ambalo ni quadragesima, ya arobaini, ndugu wa cuarenta. Baadaye barabarani nikakumbuka na maili: milia passuum, maelfu ya hatua. Nilipofikiria Maili Moja ya Kibaha nikaona daladala zimebandikwa Kilatini pasipo mtu kujua.

Njia ya kurudi Arusha tuliwazungumzia Waarabu. Walifika Hispania mwaka 711, na Granada iliangukia mikononi mwa Wakristo mwaka 1492. Karibu miaka mia nane. Kihispania kimejaa maneno yao, aceite ya mafuta, azúcar ya sukari, almohada ya mto wa kulalia. Lakini kuanzia uno hadi mil hakuna hata neno moja la Kiarabu. Sisi tulichukua sita, saba na tisa, na makumi yote tangu ishirini hadi tisini, na mia, na elfu. Zetu za asili zikabaki moja hadi tano, nane na kumi. Mimi naamini ni sokoni palipoamua. Hesabu ndogo za mkononi kila mtu anazifanya kwa lugha ya mama yake, ila jumla kubwa hutajwa na mwenye daftari, na kwenye mwambao wetu daftari liliandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Namba ya Kiarabu Wahispania waliichukua moja tu, ile isiyo na kitu. Warumi hawakuwa na namba ya sifuri. Waarabu waliita sifr, tupu. Leonardo wa Pisa katika kitabu chake cha hesabu cha mwaka 1202 akaiandika zephirum, Waitaliano wakaifupisha zero, Wahispania wakaipokea cero. Kwa hiyo mimi na mama yule, katika namba zote tulizoandika, tulikutana kwenye sifuri peke yake.

Vijana wanaokuja kwangu sasa kujifunza siwapi tena sauti ya moja hadi mia. Nawapa karatasi yenye mstari katikati. Kilatini hawakijui na hawahitaji kukijua chote, zile namba kumi zinatosha. Nawataka waseme siete, setenta, setecientos wakigonga meza pale mkazo ulipo, mpaka mkono uone kabla ya ulimi. Wanaofanya hivyo wiki mbili hawaniulizi tena kwa nini si sietecientos. Na kabla ya kutaja bei yoyote kwa mgeni nawaomba waiandike. Hilo halina asili ya Kilatini, nililijifunza bomani.

Siku ya mwisho, kabla ya uwanja wa ndege, mama alitaka kununua kahawa ya kupeleka nyumbani. Nikampeleka soko kuu la Arusha. Tukiwa tumekwama kwenye foleni akanipa anwani yake ya barua pepe, akiitaja herufi kwa herufi nami naandika kwenye simu. Alipofika kwenye ile alama ya katikati, "a" iliyozungushiwa mkia, akasema arroba. Nikamwuliza neno hilo limetoka wapi, maana halikunukia Kilatini. Akasema ni kipimo cha zamani cha mizigo, ratili ishirini na tano, karibu kilo kumi na moja na nusu, nacho kilikuwa sehemu ya nne ya quintal, kipimo kikubwa zaidi cha mizigo. Wahispania walikitoa kwa Waarabu. Ar-rub', alisema, sehemu ya nne.

"Robo," nikasema.

Akanigeukia, akaniomba niliseme tena.

Sokoni hakuniacha nimsemee. Alisimama mbele ya meza ya mama muuza kahawa, akanyoosha kidole kwenye gunia lililo wazi, akasema, "Robo." Yule mama akachota, akamimina kwenye mizani, akamtazama kwa upole.

"Robo kilo tu, mama? Au nikuongeze?"